Namna ya Kumtundika Mgeni

Jumatano, 14 Mei

Clever amejibu! Atakuja kutoka Bujumbura kufundisha klabu yetu ya Kiingereza. Kaandika: "Can you put me up on Saturday?" Na foto yake chini, nimtambue akishuka garini. Kezia, mke wangu, akauliza anataka nini. Nikamweleza polepole: put ni kuweka, up ni juu. Mgeni anaomba foto yake iwekwe juu. Kezia akashangaa, mtu mzima anaombaje kutundikwa. Aa! Profesa wa Kiingereza hapa Rumonge ni nani, mimi au yeye? Nikamjibu Clever: With pleasure!

Ijumaa, 16 Mei

Bango liko juu, kando ya soko. Zuri — ila wino wa rangi uliisha studio, foto ikatoka nyeusi na nyeupe. Mwenye studio akaongeza fremu nyeusi, bure. Chini nimeandika CLEVER, WE PUT YOU UP! Watu wanasimama, wanavua kofia. Heshima iliyoje kwa Kiingereza!

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi jirani yetu Asmani, muuza samaki wadogo wa ndagala, kaja na ndagala na uso wa huzuni.

— Pole, mwalimu. Alikuwa angali mutoto.

— Nani?

— Ndugu yako wa kwenye bango.

Nyuma yake wanawake wa mtaa, na mikeka. Nikasema yule ni mgeni, yuko hai! Asmani akanishika bega. Ndiyo, mwalimu, kwetu sote yuko hai.

Mchana Clever kaingia na valizi yake ya nguo. Kilio kikakatika ghafla. Mmoja katoka mbio, kaacha ndala.

— Mwalimu, akaniambia Clever, put me up maana yake nipe pa kulala.

Pa kulala! Waombolezaji wamejaa mpaka kitandani petu.

Simu ya Clever ilizimika njiani. Kezia kaichaji, ikawaka — kapiga mama yake, mama yake, mama yake. Kuna aliyelipiga foto bango, akaituma Nyanza-Lac, kwa mama huyo. Tunampigia, hapatikani. Keshapanda gari.

Jioni. Naandika nikiwa chooni. Mama kafika, namsikia. Clever kajificha jikoni na sahani ya ndagala. Anasema mama ana presha, akimwona ghafla ataanguka. Mtu atangulie kumweleza. Kezia anagonga mlango: toka, profesa, na useme Kiswahili!

Huko uani mama analia, anauliza mwili iko wapi.

Asmani, mtu wa kweli siku zote, amemjibu kwa upole: iko jikoni, mama. Inakula —