Vitabu Vyangu Vina Ukungu, Wao Wananipa Pole

Mjukuu wangu Wanjiru,

Hatujambo huku Elburgon, ila mvua haikomi. Umeuliza kama nimejitoa kwenye lile kundi la wakutubi la Facebook. Nilikaribia! Niliuliza nitaokoaje vitabu vya maktaba yangu vilivyoshika ukungu. Kwa kuwa kwenye wasifu wangu nimeweka picha ya marehemu babu yako, wote wakadhani nimefiwa juzi, wakaandika, "Pole sana, mama." Vitabu, hakuna aliyevitaja! Nilikasirika kweli.

Nikakumbuka nilipoanza kazi ya ukutubi Nakuru, msichana mwenye haya. Vitabu vililowa, nikauliza mara moja nisijibiwe, nikaogopa kuuliza mara ya pili, nikavianika juani. Vilijikunja vyote.

Picha ya babu siiondoi. Leo nimeuliza tena, na mkutubi mmoja wa kule Bahati amejibu: "Mathe, visimamishe kivulini, kurasa zikiwa wazi."

Hapo sasa! Acha nikavisimamishe.

Shosho wako