Jiwe jeusi la Bi Mize

Mama, shikamoo. Mvua ya hapa Unguja haijakatika tangu nishuke melini, na nguo zangu zote zinanuka uvundo. Nimepanga Malindi kwa mjane mmoja, Bi Mize. Kisiwa kizima ni matumbawe, lakini jana nilimkuta akisagia jiwe jeusi, zito, kama yale ya kusagia mnayochagua kwenye ule mkanda mweusi wa mwamba unaopasua kilima chetu.

"Bibi yangu kabebeshwa hilo toka bara," akasema, "akiusagia msafara wa watumwa unga."

Nikajigamba mpima miamba mie. Nikamweleza kuwa lilikuwa uji wa mwamba wa moto, likapenya kwenye ufa wa mwamba uliolitangulia, likapoa humo humo chini ya ardhi. Maabara ikipewa kipande, itakisia umri wake.

Akalifuta kwa kanga, akanisogezea.

"Basi livunje. Lakini nambie na bibi yangu, kachukuliwa lini, kijiji gani? Alikuwa na mamake."

Sikulivunja. Mama, jifunike vizuri asubuhi, kifua kisikusumbue. Na ukipanda kilimani, waulize wakongwe kama yuko binti aliyekwenda kuchagua jiwe asirudi.

Mwanao, Petro