Daftari Tulilokuzika Nalo

Mwalimu Mloka,

Shikamoo. Marahaba hutaitikia, najua, lakini siwezi kukuandikia neno bila kukuamkia kwanza. Ndivyo ulivyonizoesha.

Nina habari mbaya na nimechoka kuizungukia. Masomo yako yamefutika. Yale uliyorekodi kwa sauti yako miaka minne, fizikia, kemia na baiolojia, ili shule yetu ya huku mlimani isiyo na mwalimu wa sayansi ipate wa kumsikiliza. Nimeyafuta mimi. Si radi, si wanafunzi. Mimi, Anastazia, mwalimu wa historia uliyenifundisha kuitunza ile kompyuta ukiamini nina akili.

Nianzie kaburini. Siku ya kukuzika, mtani wako Mama Koleta alikuja amevaa koti lako na miwani yako, anatembea kama wewe, mkono mgongoni. Akalishika daftari lako jekundu, lile uliloandika kila kitu kuhusu Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yetu, akaanza kusoma amri za kompyuta kwa sauti ya padri, nasi tukawa tunaitikia "utuombee". Nilicheka mpaka mbavu zikauma, Mwalimu. Kisha akalitupa juu ya jeneza: "Nenda nalo, usije ukasahau neno la siri la huko uendako!" Nikacheka tena. Nilijua ni daftari gani. Nilijua halina nakala. Lakini nani humkatalia mtani msibani? Ningeonekana sina adabu. Tena, niseme kweli, nilidhani yote ninayo kichwani. Wakafukia.

Ulikuwa ukiniambia, "Nguo ya kuazima haistiri matako, Anastazia. Andika la kwako." Nami kila mara nikikujibu, "Kesho, Mwalimu." Kesho yangu hiyo!

Masika ilipoingia, umeme ukakatika mara tatu kwa siku moja, na mashine ikagoma kuwaka. Ikasimama kwenye maandishi meupe nisiyoyaelewa. Nikateremka Mkuyuni kutafuta mtandao, nikakaa kwa mama ntilie tangu asubuhi, simu mkononi. Ulinionya kwamba maelezo ya mifumo huria yapo tele, ila kuyapata mazuri ni kuchambua mchele wenye mawe. Nikayaona hayo mawe. Maelezo haya ni ya toleo la zamani. Kwenye yale wanamtukana muulizaji kwa kutojua. Pengine nikamkuta mtu kauliza shida yangu ileile, neno kwa neno. Chini yake kaandika mwenyewe kwamba imetatuliwa, asanteni. Imetatuliwaje? Hakusema. Mtu mzima ovyo!

Halafu nikapata ukurasa safi, hatua kwa hatua, una picha. Nikaunakili kwenye karatasi, nikapanda nao mlimani. Haukuwa na tarehe. Haukusema mtu akikosea arudije. Mambo mawili uliyonifundisha kuyatafuta kabla ya yote, na sikuyatafuta, kwa kuwa ukurasa ulizungumza kwa upole na mimi nilikuwa nimechoka kusoma matusi.

Ukurasa huo ulisema diski ya kwanza ndiyo ya mfumo, ifutwe, mfumo uwekwe upya. Nikaandika, nikabonyeza. Kazi ilipofika nusu ndipo daftari lako likanijia, kama limefunguliwa mbele yangu: ukurasa wenye doa la chai, kwa wino mwekundu, "Kwetu diski ya kwanza ni ya masomo. USIIGUSE." Kwa sababu ulizifunga kinyume wewe mwenyewe, waya ulikuwa mfupi. Nani huko duniani angeandika habari za waya wetu mfupi? Uliandika wewe peke yako, nasi tukacheka, tukafukia.

Nakala? Uliniachia kazi ya kuitoa kila Ijumaa. Niliitoa mara mbili. Yamebaki masomo kumi na moja, yote ya kidato cha kwanza. Katika la mwisho unakohoa, unasema samahani, unaendelea.

Siku ya tatu, mashine ikiwa imeshawaka kwa mfumo mpya, nikafungua mwongozo uliomo ndani yake yenyewe, ule ambao wewe ulisema tuanzie hapo siku zote. Mpaka leo natamani nisingeufungua. Ilikuwapo amri moja ya kukagua diski na kuirekebisha. Mstari mmoja, Mwalimu. Masomo yako yalikuwa mazima kabla sijayafuta.

Niliwaambia kidato cha nne. Hawakulia, hawakunilaumu. Rehema, yule anayekaa mbele kabisa, aliuliza tu, "Sasa tutamsikiliza nani?" Mtihani wao ni mwisho wa mwaka.

Nikija kaburini kwako nautazama ule udongo kwa jicho baya, Mungu anisamehe. Jumapili moja nilikuja na jembe. Nilitaka kulifukua daftari. Kisha nikapalilia, nikarudi nyumbani.

Sasa naandika. Nimenunua kaunta buku, na ukurasa wa kwanza nimeandika kosa langu, kwa jina langu na tarehe, na toleo la mfumo. Chini yake panatakiwa njia ya kurudi. Nimeandika kwamba haipo. Kurasa zinazofuata namsomea Rehema, na asipoelewa narudia, hata kama nimekasirika. Yeye haniogopi, ananiambia, "Mwalimu, hapa umeruka." Kweli nimeruka.

Lala, Mwalimu wangu. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa. Ahadi yangu ni hii: kila ukurasa nitauandika mara mbili. Daftari moja litabaki shuleni, limefungwa kwa kamba kwenye meza ya mashine. La pili ni la mtani wangu, siku yangu ikifika, alitupe kaburini watu wacheke.

Mimi, mwanafunzi wako,
Anastazia