Nimeshakula Kazini

Berea, Johannesburg
9 Machi 2017

Somo yangu mpenzi Bi Tumu,

Mwali wako mzima, na Mansour bado ananiita malkia! Pazia lako linapendeza dirishani.

Kila mshahara wake wa ushonaji ulipochelewa, kodi ya nyumba ilikosa pesa kwenye akaunti, na benki ikamkata faini. Tukaambiwa tukieleza dhiki yetu kwa barua, tutarudishiwa. Nikaandika mimi, na kidato changu cha nne. Nikaeleza kwamba mume wangu hurudi akisema, "Kula, malkia, mimi nimeshakula kazini," nami najua hajala, ananiachia chakula.

Karani wa benki akaisoma kwa sauti mbele yetu. Njiani Mansour akauliza, "Kumbe ulijua?"

"Tangu mara ya kwanza, kipenzi."

"Na ukala?"

Nilikula, somo, kwa kuwa alifurahi mno kunitazama nikila. Ningemwambia hivyo palepale. Badala yake nikaongeza mwendo.

Faini zote zimerudi. Jana nikapika wali wa nazi na samaki, nikampakulia yeye kwanza, sahani ikafurika. Akaigawa katikati kwa kijiko, sawa kwa sawa, kama wapangaji wawili.

Niombee nipate namna ya kumwambia.

Mwali wako,
Nusaiba