Neno la Boma la Unyasa

Jumatatu, 6 Agosti
Baridi. Nimevaa makoti mawili. Baraza la Njombe limekaa tena, nami mkono wa kulia wa Mtwa, chifu wetu, kama kawaida, maana bila mimi kesi haziishi. Ya leo ni ya Mama Faraja, mjane, jirani yangu hapa Mdandu. Anawashitaki wanunuzi wa maharage wanaokuja na malori kutoka Unyasa. Kanuni ya soko la Makambako inajulikana: kila mnunuzi ataje bei yake. Hawa wamekula njama. Wote bei moja, ya kutupa. Mama akakataa kuuza. Maharage yako ndani, wadudu wameanza. Yasipopata bei, Lazaro mwanawe atajiandikisha manamba, kibarua wa mkataba, aende mkongeni Tanga. Wanunuzi wanajitetea kwamba ni agizo la serikali yao. Mjumbe wa serikali hiyo anakuja keshokutwa.

Jumatano, 8 Agosti
Mjumbe kaja. Kofia nyekundu, Kiswahili hajui. Karani akataka aitwe mkalimani wa misheni. Nikasema wa nini? Mimi nilibeba mizigo vita vya Mjerumani mpaka Unyasa. Kinyasa nakijua. Maneno ya kuombea chakula tu, lakini nani atajua.
Mjumbe akasema boma lao, yaani serikali, "linawalola" wanunuzi kuweka bei moja. Rahisi. Kwetu Wabena kulola ni kutazama. Basi boma liliwatazama, liliwasimamia. Nikatafsiri hivyo: walisimamiwa, hawakuwa na hiari.
Mzee Mgaya, mwenzangu wa baraza, akabisha. "Neno la serikali ya ugenini tuliheshimu, lakini si Injili. Tulipime. Waliamriwa, au waliachiwa tu? Aliyeamriwa hana kosa. Aliyeachiwa kachagua mwenyewe."
Nikamjibu, "Wewe Mgaya umefika wapi kupita Matembwe? Serikali ikisema imesema!" Watu wakacheka. Nilifurahi sana.

Alhamisi, 9 Agosti
Hukumu. Mtwa amesema tafsiri yangu inatosha. Wanunuzi walilazimishwa kwao, baraza haliwezi kuwaadhibu. Mama Faraja ameshindwa. Kanishukuru hata hivyo, kwa kuhangaika kwangu.

Jumamosi, 11 Agosti
Makambako. Nilisimama mlangoni pa hoteli ya chai nikiwasimulia watu kesi yangu. Yule mjumbe akaja na mzigo wake. "Bambo, mundilole ndidutse." Nikamtazama. Akarudia. Nikakaza macho. Mwenye hoteli, aliyekaa Unyasa miaka mingi, akapiga kelele, "Mzee, mpishe! Anaomba umruhusu apite, wewe unamkodolea macho kama bundi!"
Watu wakacheka. Mimi hapana.
Umruhusu. Kulola kwao ni kuruhusu.
Chai sikunywa.

Jumapili, 12 Agosti
Kanisani. Sikuimba, mimi mwenye sauti kuliko wote. Mama Faraja alikaa mbele yangu. Wale wanunuzi hawakuamriwa. Waliruhusiwa tu, njama ni yao wenyewe. Mgaya aliuliza hilo hilo. Nilipaswa kusema baada ya ibada. Mgaya alikuwa mlangoni, nikaona jinsi atakavyonicheka. Nikapita. Moyo wangu mchafu.

Jumanne, 14 Agosti
Lori la manamba limepita asubuhi. Lazaro yumo. Nilikuwa shambani, nikainama kama napalilia. Mahindi yalishavunwa. Hakuna cha kupalilia.

Jumatano, 15 Agosti
Nimesimama barazani. Nimesema Kinyasa sikijui. Nimesema nilikosea neno, na tangu Jumamosi nilijua, nikanyamaza. Nilingoja Mgaya acheke. Hakucheka. Ni vibaya zaidi.
Mjumbe alikuwa bado Makambako akingoja lori. Kaletwa, safari hii na mkalimani wa misheni. Mtwa akamwuliza swali la Mgaya. Jibu: boma lao liliruhusu, halikuamuru. Mtwa akasema tumeisikia serikali ya jirani na tunaiheshimu, lakini ruhusa ya kwake haitawali soko letu. Hukumu imegeuzwa. Kila mnunuzi ataje bei yake, na maharage ya Mama Faraja yaanze.
Mimi nimeondolewa kwenye baraza. Nimestahili. Mama Faraja alimshukuru Mgaya, akatoka.

Jumamosi, 18 Agosti
Maharage yameuzwa, bei nzuri. Magunia nimeyabeba mimi mpaka barabarani. Vijana walitaka kunipokea, nikawafukuza. Mgongo wa vita bado ninao.
Lazaro hajarudi. Mkataba wa mkonge hauvunjwi kwa bei ya maharage.
Jioni nimepita kwa mama yake. "Kamwene," nikamsalimu. Alikuwa anapepeta. Akainua uso kutoka kwenye ungo, akanilola.
Kulola kwa Kibena tu, kutazama. Kwa Kinyasa bado.