Vidonge Nilivyovisaga

Kiponda, Unguja,
9 Machi 1972

Mdogo wangu mpendwa Miraji,

Assalaam alaykum. U hali gani, na baridi ya huko Ujerumani imepungua? Baba yu hai. Hilo nalitanguliza usije ukazimia kabla hujamaliza kusoma.

Vidonge vya pumu ulivyomletea vilifika. Uliandika kwamba ndiyo kazi unayoisomea: kukivisha kidonge plastiki ya namna yake, dawa itoke kidogo kidogo mchana kutwa, na kwamba kimezwe kizima. Mimi nikaona Baba hawezi kumeza kitu kikubwa vile. Nikavisaga viwili kwenye jiwe la kusagia liwa, nikakoroga na asali, kama tunavyomfanyia dawa zake zote. Mkewe, Bi Tabia, akamlisha.

Dawa ya siku nzima ilimpiga kwa mkupuo mmoja. Alitapika, kisha mwili ukamkakamaa, akavunja kioo cha kabati kwa mateke. Kaka Silima alipomkamata aling'atwa kidole hadi mfupani.

Silima alimwona Bi Tabia na kijiko mkononi, basi. "Ushamtilia sumu Baba, mwanamke wee!" Akamburura ngazini kwa nywele, akampiga kwa mchi hata mkono ukavunjika. "Wallahi mie nimelisha tu!" alilia maskini. Nami nilinyamaza, Miraji. Niliuogopa ule mchi. Naona haya hata kuliandika.

Daktari alisema dawa haikuwa sumu, ila ilisagwa. Silima akasema basi aliyelisha ndiye aliyesaga. Juzi akaleta mashahidi wawili, Baba atoe talaka. Baba alipofumbua mdomo nikapiga ukelele: "Nlosaga mie!" Silima akanirukia mbele ya wageni. Mwandiko huu usikushangaze. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Talaka haikutolewa. Silima kaondoka, yuko kwa wakweze Mkokotoni, na radhi hajamwomba mtu.

Lakini hata wewe nina hasira nawe. Katika wataalamu wenu wote huko, hakuna aliyewaza kuwa mtu anayehema hawezi kumeza kokwa? Tafuteni plastiki itakayokubali kukorogwa ndani ya uji, na dawa bado itoke polepole.

Baba anakusalimu, na jirani yetu Mwanakheri pia. Bi Tabia anakusalimu sana. Ndiye anayenilisha, kwa mkono wake mmoja uliobaki mzima, na hajaniuliza hata mara moja kwa nini nilichelewa kusema.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi na akurejeshe kwetu salama.

Dada yako akupendaye hata akikugombeza,
Mwanaasha