Milango Mitatu, Mzee Mmoja

Jumamosi, 5 Julai 2025

Mimi Masoudi, miaka themanini na moja. Mashamba ya karanga ya Waingereza yamekufa, reli yao ya Nachingwea imeng'olewa, daktari aliyenikataza chumvi tumemzika. Mimi nipo. Kusoma nilijifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima, na kwa sauti nilimpita mwalimu. Kijijini kwetu Lionja kote hakuna mzee mwenye tovuti. Mimi ninayo.

Kaitengeneza Samia, mke wa mwanangu Rahimu, mwenye duka la steshenari mjini. Inaitwa kwa jina langu. Ndani yake kuna tovuti ndogo mbili, kila moja na anwani yake: jina la mke mbele, nukta, halafu langu. Sabaha, mke mkubwa, anauza miche ya mikorosho. Hajra, mke mdogo, anafinyanga vyungu. Sipendelei mimi — hata kanga nanunua za aina moja, siku moja.

Leo Samia kapeleka anwani zote tatu Ruangwa, kwa dada mmoja Felomena. Huyo ana orodha mtandaoni ya tovuti za biashara za huku kwetu. Mtu akitafuta chungu, anaanzia kwake.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, na jibu limekuja na sikukuu. Felomena kaandika yangu tu. Za wake zangu kakataa — ati ni vyumba vya nyumba ileile, orodha haiandiki vyumba.

Hajra hakupiga kelele. Kasema vyungu vimejaa mpaka chini ya kitanda, na wapita njia wa hapa wote wanavyo tayari. Asipoandikwa mwaka huu anaacha udongo. Kazi ya mama yake ile!

Nikataka simu, niongee mwenyewe na Felomena. Dada, karani wa sensa alipofika kwangu aliandika kaya ngapi? Hajui. Nikamwambia mbili. Kaya ni chungu, sio ua. Wanaokula chungu kimoja ndio kaya moja, na kwangu vyungu viwili. Serikali imekubali, wewe nani? Kacheka. Kasema atakuja kuona.

Jumatano, 9 Julai

Kaja na pikipiki yake. Mtu wa Songea, ana heshima, shikamoo ilitoka kabla hajavua helmeti. Sabaha kamwekea ugali wa muhogo na kisamvu. Hajra kamwekea ming'oko, ile mizizi ya porini, na kuku. Kala kote. Stefano, jirani yangu fundi baiskeli, naye kala kote, na hakuna aliyemwita.

Felomena kasema: Mzee, vyungu viwili nimeviona. Na mimi sikatai tovuti ndogo kwa udogo wake. Ikiwa na mambo yake yenyewe, yasiyopo kwenye ile kubwa, naiandika peke yake. Halafu katoa simu. Kafungua ya Sabaha — picha yangu nimekaa kitini, na historia yangu kuanzia karanga. Kafungua ya Hajra — picha ileile, historia ileile. Chungu kimoja chini kabisa, nusu.

"Nimefungua milango mitatu," kasema, "nimekutana na mzee mmoja."

Sabaha alicheka mpaka akashika nguzo. Ni kweli niliagiza mimi. Mgeni amkute kwanza mwenye mji, kila mlango. Ndiyo adabu. Felomena kasema nyumbani ni adabu, kwenye orodha ni kumzungusha mtu mara tatu kwa kitu kimoja. Nitoe picha na historia kwenye za wake zangu. Nikasema sitoi.

Alhamisi, 10 Julai

Mchana nimekwenda kwa Sabaha. Ati zamu ya Hajra. Kwa Hajra — ati zamu ya Bi Mkubwa. Nimerudi kwa Sabaha, mlango umefungwa, nawasikia wote wawili ndani wanacheka. Miaka yote hawapatani, leo wamepatana juu yangu.

Nimetafuna muhogo mbichi kwa Stefano. Kaniambia: Kaya mbili, na wewe huna hata moja.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala nimemwita Samia. Toa. Ila historia yangu ibaki yote kwenye tovuti kubwa, na iongezwe ile hadithi yangu na chui.

Hajra kasema mwenyewe, Samia anaandika: udongo anachimba wapi, vigae vya zamani anavitwanga na kuvichanganya nao, chungu cha maharage kiwe na mdomo gani. Miaka arobaini nakula humo, mengine nimeyasikia leo. Sabaha kaonyesha kisu chake cha kubebeshea miche, kuunga kijiti cha mkorosho mzuri kwenye shina changa. Picha ni mikono yao tu. Zimependeza — hilo naliandika hapa, siwaambii.

Leo nimekula kote.

Jumapili, 13 Julai

Felomena kapiga simu. Ya Sabaha imeingia. Ya Hajra imebaki kitu kimoja: ukubwa wa chungu kikubwa haujulikani, apigwe picha mtu amesimama karibu. Hajra kanigeukia. "Bwana, njoo usimame wewe. Mwingine simtaki." Sabaha kasikia, naye kadai mche wake nao haujulikani urefu.

Samia kashika kichwa. "Baba, si tunarudi kulekule?"

Mimi nimeshavaa kanzu. Hajra ananivuta huku, Sabaha ananiita kule, Felomena yuko hewani anauliza mbona hajibiwi. Anayebisha kwamba wananigombea amwulize Stefano, ndiye aliyeshika simu ya kupigia picha. Au aende kwa Sabaha, kisha kwa Hajra — kila mmoja kwake, na asiondoke bila kula.